Bomba la Shangazi Liko Kina Gani?

Ng'ambo ya barabara mashine ilinguruma, ikisukuma vyuma ardhini kimoja baada ya kingine. Upande huu, dada mmoja mwenye kofia ngumu alitembea polepole na dude la manjano lenye mpini. Analishusha, anasoma kioo chake, ananong'ona kwenye redio ya mkononi, anapiga hatua nyingine. Kijiwe kizima kilikuwa macho. Shangazi alimimina kahawa huku akimkodolea macho yule dada, kwani bomba lake lilipita papo hapo mbele ya benchi, na wiki moja tu ilikuwa imepita tangu aache kubeba maji kichwani. Fundi aliyelilaza, ambaye wote walimwita Injinia, alikaa katikati ya benchi, miguu kaitawanya kama mwenye nyumba.

— Anatafuta dhahabu, alisema Spika, kinyozi wa jirani.

— Dhahabu gani mbele ya watu wote? alijibu Jaji, karani mstaafu wa mahakama. Kuna mtu huko chini anachimba. Huyu wa juu anamwelekeza: kata kulia, kata kushoto.

— Anakula nini?

— Vile vyuma vina tundu. Wanampitishia mkate.

— Na akibanwa na haja?

— Spika, tunakunywa kahawa!

Injinia alicheka mpaka benchi likatikisika.

— Nyie hamnazo! Chini kuna kichwa cha keekee, ndicho kinachotoboa ardhi. Kinatoa mawimbi, lile dude linayanasa, dada anajua kiko wapi na kiko kina gani. Basi.

— Kisije kikatoboa bomba langu, alisema Shangazi.

— Lako? Nimelilaza mita nzima chini, Shangazi. Lala usingizi.

Alisema hivyo akikiangalia kikombe. Siku ya kulilaza, sururu iligonga mwamba nusu ya njia, jua linachoma, mgongo unalia. Akalilaza bomba juu ya mwamba, akafukia, akapiga mluzi.

Dada akafika, akasimama mbele yao.

— Hamjambo, wazee wangu. Chini kuna mwamba, tunakipandisha kichwa kipite juu yake, kina cha kama nusu mita. Naona koki pale. Bomba lake liko kina gani?

Macho yote kwa Injinia.

— Mita nzima! Spika akamjibia. Fundi wake huyu hapa.

— Afadhali. Basi tutapita juu yake bila kuligusa.

Dada akainua redio. Shangazi akashusha pumzi, akatabasamu, akamwongezea Injinia kahawa bila kuombwa. Tabasamu lile lilimchoma kuliko kahawa.

— Dada, ngoja! Injinia aliruka wima. Liko... liko juu ya mwamba.

— Juu ya mwamba?

— Papo hapo unapotaka kupita.

— Simamisha! dada alipiga kelele kwenye redio.

Mashine ikanyamaza. Jaji akakohoa. Spika akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

— Itabidi lifukuliwe kwa mkono, tulione kwanza, alisema dada.

Injinia alikuwa ameshavua shati.

— Nisamehe, Shangazi.

— Chimba kwanza. Nitafikiria nikiliona.

Spika akanyoosha kikombe chake.

— Na sisi, Shangazi? Tuongezee kidogo.

Shangazi akafunika birika.

— Imekwisha. Aliyejibu mita nzima bila kuulizwa achukue sepetu, na Jaji amzolee udongo.