Laurencia Makena na Siku Tatu Bila Maji

"Mama, sema alikufa ghafla, hayo ya dawa za akili tuyaache hapa hapa jikoni," ndivyo Jeremiah alivyomwambia mamake juzi huko Oakdale, na mama huyo, Shosho Wairimu kama wajukuu wanavyomwita, ambaye hakusoma lakini hasahau nani alisema nini, akamjibu kwamba kufichaficha ndiko kumetufikisha hapa, basi Jeremiah huyo ndiye anayewasomea sasa wasifu huu wa marehemu, na ameonywa asiruke mstari.

Laurencia Makena, dadake Jeremiah na kifungua mimba wa Shosho, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1979 huko Karatina, akasomea hapo hapo mpaka akamaliza sekondari mwaka wa 1997, akaolewa na Kamau tarehe 18 Agosti 2001, wakamzaa Eric mwaka wa 2003 na Stacy mwaka wa 2005, kisha mwaka wa 2008 wakahamia Minnesota, akatunza wazee Golden Valley, na wale wazee, hata wenye matusi, walikataa kuogeshwa mpaka aje yeye.

Mwaka wa 2014 alikaa siku tisa bila kulala, anacheka, anaongea hashikiki, akalazwa hospitalini Saint Paul, akapewa lithiamu, dawa ya kutuliza akili, na tuseme ukweli, dawa ile ilimrudisha, miaka kumi akafanya kazi na kulea, ila daktari alimwambia anywe maji kila siku, apimwe damu, asimeze ibuprofeni, ile ya maumivu, bila kuuliza, maana mwili ukikauka, au ukichanganyiwa ibuprofeni, ile lithiamu hujaa kwenye damu ikawa sumu.

Tarehe 6 Januari 2025 kikundi cha maombi cha Laurencia na Shosho kilianza kufunga, na kuanzia Alhamisi tarehe 9 wakafunga kavu siku tatu, bila chakula wala maji, Laurencia akaona haya kuomba glasi ya maji, kwa sababu angeulizwa sababu, akawa anameza vidonge vyake kwa mate, kichwa kilipomuuma Shosho mwenyewe akampa ibuprofeni mbili za magoti yake, na Jumamosi alipotetemeka mikono, anatapika, ulimi mzito, kina mama wakasema ni Roho, na Shosho akaishika ile mikono akamwambia, "Vumilia, mama, umebakisha kidogo," neno ambalo halimtoki kichwani.

Jumapili hakumjua Stacy, ambulensi ikamchukua, damu ikaoshwa kwa mashine, na Jumatano tarehe 15, saa tano asubuhi, akatuacha, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Lakini hofu bado tunayo nyumbani, maana Stacy, na ameruhusu lisemwe, anatumia dawa hiyo hiyo tangu mwaka jana, na siku ya msiba alimwaga chupa nzima chooni, Shosho akamsihi, mtoto akamjibu kwa Kiingereza chake kwamba yeye hatakufa kama mamake, na daktari ameonya kwamba akiiacha ghafla hivyo ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, miadi yao ni Jumatatu, na mpaka hapo kila Stacy akicheka kidogo tu, Shosho anashtuka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Oakdale waliotupikia, na wenzake wa kazini.

Pumzika, Makena, sasa huna wa kumficha.

Na wewe unayesikiliza, humu ndani wapo wenye vidonge kwenye mkoba, Shosho hakuulizi ni nani, ila mtu wako akitaka kufunga, amuulize daktari kwanza, na akiiogopa dawa, asiiache peke yake, amuulize daktari pia, tafadhali ukitoka hapa mwambie na aliyebaki nyumbani.