Sauti ya Mzee Anselmo na Tanuri la Mtaa wa Kisima

Baada ya miaka ishirini na sita ya kulipigia mbiu baraza la mji wa Torrebreña, Mzee Anselmo Carrizosa anastaafu tarehe 31 Desemba, 1836. Mimi, Casto Belmar, nimetembea mbele yake na ngoma miaka yote hiyo. Masikio yangu yameumia kuliko ya mtu yeyote, kwa hiyo haki ya kumsema ninayo.

Ndiye aliyetutangazia Katiba mwaka 1812, ile iliyosema kwamba hata Mfalme yuko chini ya sheria. Kwa kuwa ilitoka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, watu waliibandika jina la Pepa, kama tunavyowaita kina Josefa wetu nyumbani. Mwaka uliofuata akatangaza kwamba sasa ni ruksa mtu yeyote kufanya biashara bila kuvipigia magoti vyama vya mafundi. Mkewe, Bi Remedios, ambaye chama cha waokaji kilimkatalia kwa sababu ni mwanamke, aliwasha tanuri Mtaa wa Kisima kabla mumewe hajamaliza kusoma. Mkate wake, jamani! Wale wa chama wamenuna mpaka leo. Anselmo kwa furaha akanunua nyumbu wa kupanda kazini, akamwita Pepa.

Mwaka 1814 Mfalme akarudi kutoka kifungoni ugenini, akaifuta Katiba, akatawala peke yake kama zamani. Kutamka Pepa likawa kosa la kufungwa. Ikaja amri ya kufunga matanuri yasiyo ya chama, na desturi yetu mnaijua: amri haina nguvu mtaani mpaka ipigiwe mbiu mtaani humo. Tulipofika kona ya Mtaa wa Kisima, nyumbu akagoma. Haki ya Mungu, hakuna aliyemfundisha. Anselmo akapaza ile sauti yake: "Twende, Pepa! Pepa, usituangushe!" Madirisha yote yakaitikia: "Idumu Pepa!" Askari wakaja mbio, wakakuta wa kumkamata ni nyumbu. Kesho yake ikawa yale yale, na vicheko zaidi. Mwishowe meya akatupiga marufuku kukanyaga mtaa ule, eti kwa usalama wa umma. Tanuri likaendelea kuwaka mpaka Katiba iliporudi mwaka 1820.

Mfalme alipoipindua tena mwaka 1823, safari hii kwa msaada wa majeshi ya kigeni, nyumbu alikuwa ameshakufa. Anselmo alikwenda kwa miguu, askari nyuma yake, akasoma amri mbele ya mlango wake mwenyewe, neno kwa neno. Angekataa angefungwa, na tanuri lingefungwa vilevile. Bi Remedios alichota ndoo ya maji, akaumwagia moto, akaingia ndani. Nililia, wala sioni aibu kusema. Tangu siku hiyo wamekula mkate wa chama, na sijamsikia Anselmo akiusifia hata mara moja.

Mwezi huu uhuru wa kufanya biashara umerudishwa, nayo ndiyo mbiu yake ya mwisho. Utaratibu unataka tuanzie uwanjani, mbele ya baraza. Waheshimiwa wetu walikuwa wameshajipanga na makoti yao mazuri, Mzee akawapita, akanyoosha moja kwa moja Mtaa wa Kisima. Alisoma mlangoni pake mpaka mwisho. Bi Remedios alisimama kizingitini, mikono kiunoni. Mama yule anasikia hata panya akipiga chafya.

"Sijasikia, Anselmo," akasema. "Hebu rudia."

Akarudia. Akaambiwa arudie tena. Kufikia hapo majirani walikuwa wanatoka majumbani na kuni mikononi.

Mzee wetu, asante kwa sauti uliyotupa yote. Nenda ukakae karibu na moto wa mkeo, na Mungu awajalie nyote wawili afya, amani na meno. Nanyi wageni, msiuonee haya mkate ulio mezani mbele yenu. Umetoka Mtaa wa Kisima asubuhi ya leo.