Fundi wa Makochi Aliyeambiwa Alibebwa Mno

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa makochi, aliyetutoka Jumanne iliyopita akiwa na miaka hamsini na nane. Nyumbani walimwita Deko. Ndiyo, Deko, na mvi zake zote.

Fundi aliumwa tangu utotoni. Pumu, vipele, mafua yasiyokwisha. Alikuwa akikata sponji, vumbi linamjaa kifuani, anatoka nje kukohoa, kisha anarudi na utani wake: "Kochi hili litanizika mimi." Wateja hoi kwa kicheko.

Kwa nini aliumwa? Mama yake na dada yake mkubwa walikuwa na jibu moja tu. "Ulibebwa mno ulipokuwa mchanga. Mwili wako haukujifunza kupigana." Fundi akaamini. Aliamini kiasi kwamba alipopata binti, aliapa huyu hatadekezwa. Mtoto akilia, mkewe akinyanyuka, fundi anamzuia: "Mwache, apate nguvu."

Mwaka jana daktari wa kifua akamuuliza kuhusu utoto wake. "Nilibebwa mno, daktari." Daktari akashangaa. Kubebwa hakumdhoofishi mtoto, akamwambia. Kinachohofiwa ni kinyume chake: mtoto mchanga akiishi na hofu siku nyingi, bila wa kumtuliza, kinga yake ya mwili, ambayo ndiyo kwanza inajengeka, inaweza kuyumba. Inaweza, alisisitiza daktari, si lazima. Dada mkubwa, aliyemsindikiza, alikuwa amekaa pale pale. Akaangua kilio, akasema ukweli.

Wasikilizaji, fundi hakubebwa. Narudia, hakubebwa. Alipokuwa na miezi miwili wazazi walikwenda mbali kutafuta kazi. Dada wakamchukua. Yeye wakamwacha kituo cha watoto, miezi kumi na moja. Walipomrudia alikuwa ameshaacha hata kulia. Aibu ikawashika, wakatunga hiyo hadithi ya kubebwa. Na ukoo mzima ulijua! Shangazi, wajomba, wote walimwita Deko machoni pake, huku wakijua. Siwafichi, mimi nimeumia.

"Kunificha mmenificha," alimwambia dada yake. "Lakini uongo wenu ndio niliomlelea mwanangu!" Hakusema naye tena mpaka alipofariki.

Binti sasa ana miaka thelathini na moja. Anasema siku ya pili baada ya kutoka kwa daktari, baba alikuja kwake, akakataa kiti. "Akasema, 'Nilikuwa nakuacha ulie, mwanangu. Nilidhani nakukinga.' Nikamjibu, 'Yamekwisha, baba.' Lakini hayajaisha."

Aliyetupigia simu tuyaeleze haya ni yule dada mwenyewe. "Semeni yote," alituambia. "Yeye hakutaka kunisikia tena."

Mjane wa fundi, pole sana. Binti, pole. Nawe dada, pole, ingawa neno lenyewe nalitoa kwa shida.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtoto analia hapo ndani, usimngoje anyamaze. Zima redio, nenda kambebe.