Miaka Ishirini na Saba na Mto Mmoja: Bw. Eliudi Mhando Aaga Maktaba

Jumamosi hii, tarehe 31 Mei 1958, Bw. Eliudi Mhando anastaafu baada ya kuitumikia Maktaba ya Barabara ya Kumi na Mbili, hapa Tanga, kwa miaka ishirini na saba. Kamati ya maktaba ilitafuta msomi wa kuandika wasifu wake. Ikakosa, ikanipata mimi, Abrahamu Kasanda, mwenye darasa la nne na akili za madarasa manane. Tena mimi Mnyamwezi, yeye Mzigua, mtani wangu. Nitakayosema yote yameshasamehewa.

Furaha ya leo ilikuwa na mwiba. Mwezi Machi kamati ilitangaza kwamba asipopatikana wa kumrithi Mzee Eliudi kabla ya siku hii, chumba kitafungwa na vitabu vitiwe ghalani. Walikuja waombaji wawili. Wakasikia mshahara ni shilingi tisini na tano, wakaaga kwa adabu.

Mzee alizaliwa Mwera, upande wa Pangani. Mwaka 1931 aliingia hapa kupangusa vumbi kwa shilingi kumi na nane kwa mwezi. Baada ya miaka mitatu, shule ya kwao Mwera ilimwita yeye na rafiki yake Kristofa wawe walimu wasaidizi, shilingi thelathini na nyumba ya bure. Kristofa alikwenda. Eliudi akabaki.

Vijana wenzangu huniuliza ipi kazi bora, basi leo niwajibu. Mwalimu msaidizi huanza juu, hupanda daraja, na akijaliwa huwa mwalimu mkuu, ila atahamishwa huku na huku kama ngoma ya kuazima. Mtu wa maktaba huanza chini, na anachopanda ni ngazi ya mbao ya kufikia rafu ya juu. Kristofa leo ni mwalimu mkuu mwenye baiskeli ya taa. Mama Bibiana, mke wa Mzee, alilisema hilo mbele ya wageni: "Mwenzio anapanda baiskeli, baba, wewe unapanda ngazi." Kisha, kwa kuwa ana huruma, akamshonea mumewe mto wa sufi wa kukalia.

Kilichombakiza Mzee ni kigoda kilicho mbele ya meza yake. Hapa kwetu anayechelewesha kitabu hatozwi faini. Anakaa kigodani, anasimulia alichosoma, mwanzo hadi mwisho, na watu wote wanamsikia. Akibabaika, hapewi kingine. "Usinipe jalada, nipe kitabu," Mzee humwambia. Zamani watu walichelewesha kwa uzembe. Siku hizi wanachelewesha makusudi, wapate kusimulia: wachukuzi wa bandarini, washonaji wa Makorora, wakata mkonge waliolipwa jana.

Mwaka jana Mwalimu Kristofa mwenyewe alirudisha kitabu cha safari, kimechelewa wiki mbili. Akakaa kigodani, akavaa miwani, akasimulia kwa madaha mpaka meli ikazama na wote wakafa. Bi Harusi, muuza vitumbua wa Nguvumali, aliyejifunza kusoma ukubwani hapahapa kwa Mzee, akamkatiza toka mlangoni: "Meli haikuzama, Mwalimu. Hukufika mwisho wewe." Mwalimu mkuu aliondoka na kitabu kilekile kwapani, na baiskeli aliikokota.

Sasa mwiba ule. Mimi ni mpangusa vumbi wake wa miaka miwili, na mwezi huu nilipata barua: ualimu msaidizi, Mwera kulekule, shilingi mia na thelathini. Mzee aliisoma mara mbili. Hakunibembeleza. "Nenda, mtani," akasema. "Hesabu ni hesabu." Halafu akachukua kitambaa changu, akaanza kufuta vitabu kimoja kimoja, taratibu, hata vile nilivyokwisha kufuta asubuhi.

Jumanne niliwajibu watu wa Mwera kwamba wamekosa kijana hodari. Kamati imenipa ufunguo. Shilingi thelathini na tano nilizoziacha nazijua, msinikumbushe, mama yangu anatosha. Lakini watoto wa darasa la kwanza wangenisikiliza tu kwa kuogopa fimbo. Hapa nasikilizwa na Bi Harusi, na nikikosea ananiambia.

Mzee Eliudi, kwa vitabu ulivyotulindia na midomo uliyotufungua, ahsante. Kapumzike Makorora kwa raha na Mama Bibiana. Ila leo ukifungasha utaona kitu kimoja hakipo. Mto wako nimeuchukua mimi, na mila unaijua: kitu kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi, hukombolewa. Nimeuweka juu ya kigoda. Njoo kila Jumamosi saa kumi, uukalie, unisimulie ulichosoma wiki nzima. Tunakutakia maisha mema na marefu, Mzee wetu, na usinipe jalada.