Mtungi Ulikuwa Ukipanda

Sogeeni, wanangu. Elvire, kaa miguuni pangu, na wewe Audace kaa pale ambapo naiona mikono yako. Mzee Adrien, mushingantahe, mzee wa baraza aliyetuamulia kesi ya shamba hili, nimemwita mwenyewe asikie, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuumbuliwa nikiwa nimeshafumba mdomo.

Mbele ya wazee niliapa kwamba marehemu Sébastien, jirani yetu, alikuwa mgeni kwenye ardhi yetu, kwamba kila mwaka alitushushia mtungi wa pombe ya ndizi kama afanyavyo kila aliyeazimwa ardhi, na kwa hiyo shamba zima hapa Gihosha, juu na chini ya ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mkali, ni letu. Nilisema uongo. Mtungi ulikuwa ukipanda, kutoka kwetu huku chini kwenda kwake juu, maana mwenye shamba alikuwa yeye. Baba yangu aliubeba mpaka akafa, nikaubeba mimi, nikapiga goti kwa Sébastien, naye akanywa kwanza, akanipa mrija, na kwa funda hilo moja nikapata mwaka mwingine wa kulima. Hakunitukana hata siku moja. Nilichoka tu kupiga goti, na chuki yangu haikuwa na sababu nyingine, msiitafute.

Mwaka wa tisini na tano, vijana wenye bunduki walipopanda kilima, waliuliza waanzie nyumba ipi, nami nikanyoosha kidole. Sébastien akatoka mbio, damu inamtiririka sikioni, akakimbilia wapi? Kwangu, kwenye migomba, nilikosimama na panga. Akasema, "Gélase, unifiche, mutoto iko mu nyumba." Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nilimkata shingoni, hakuanguka, nikamkata tena, akanishika shati, nikamkata vidole. Mkewe aliungulia ndani, na sauti yake niliisikia mpaka paa lilipoanguka. Mtoto wao, Dative, alipenya chini ya miyenzi, utomvu ukamuua jicho, akafika Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiwa hai. Alirudi mtu mzima kudai shamba la baba yake, na jicho hilo jeupe lilinitazama siku niliyoapa, na tangu siku hiyo sijalala.

Sasa anaishi kwenye kibanda cha plastiki juu ya ua, na amekata rufaa. Na wewe, Audace, ulidhani baba yako mgonjwa haoni? Guruneti ulilolificha kwenye gunia la maharage ili umtupie Dative, usilitafute tena. Nimelilalia. Liko chini ya mgongo wangu. Elvire, tulia, usilie, pini yake ipo. Audace, kaa chini! Nakuogopa, mwanangu, kwa sababu nakuona nilivyokuwa mimi pale migombani. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, nami nilicholiwa ni wewe, mtoto wangu wa kwanza.

Nisikilizeni, pumzi inapungua. Pale mlangoni kuna mtungi, nilimwomba Mzee Adrien aje nao. Elvire ataubeba kichwani, sasa hivi, mchana huu, majirani wote waone. Audace atatangulia, mikono mitupu. Mkifika kwa Dative mpige magoti, wewe Audace useme, kwa mdomo wako, "Huu mutungi ni wa mwenye shamba." Akinywa, mtalima kipande cha chini na kumpandishia mtungi kila mwaka, ninyi na wajukuu zangu. Akiumwaga, msimuulize kitu. Kunjeni mikeka yenu muondoke. Msimwambie nimeomba msamaha. Hilo ni langu, nitalijibia huko ninakokwenda.

Mzee Adrien, wakishatoka, litoe hili chini yangu, mimi siwezi kugeuka.

Baraka... baraka yangu sina pa kuiweka ila kwenye mtungi huo. Mungu awape watoto wasiojua panga. Audace, tangulia. Funguo... apana, acha, mlango uko wazi. Elvire, inua. Polepole, usimwage. Upandishe, mama. Upandishe...