Penseli Ambayo Bi Mwatumu Hakuifuta

Tarehe 30 Juni Bi Mwatumu Jumbe anastaafu, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kusafisha nyumba yetu ya mnada hapa Johannesburg. Meneja ameniagiza niandike mambo mazuri, tena kwa ufupi. Mazuri yapo. Ufupi nitajaribu.

Alitoka Tanga, akapanga chumba mtaa wa Mayfair, akaanzia kwenye ngazi na vyoo. Baadaye alikabidhiwa chumba cha vitu vya anga: glavu, nembo za nguo, na vijitabu vya ukaguzi ambavyo wanaanga wa safari za kwanza za majaribio walikuwa navyo mkononi huko juu, wakitia alama kila hatua. Bi Mwatumu alinawa kabla ya kuvigusa. Wataalamu wetu, wenye shahada ukutani, walivifunua huku wakila sambusa.

Mwaka juzi kililetwa kijitabu chenye alama za penseli na doa la kahawia. Meneja akaona kimechafuka, wateja watakikimbia. Akampa Bi Mwatumu kifutio, akamwamuru akisafishe kabla ya saa nane. Alijibiwa kwa adabu zote za Tanga: "Samahani bosi, aliyeandika haya alikuwa kazini. Mimi sifuti kazi ya mtu." Kisha akakifungia kijitabu kwenye kabati la mafagio, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake kuswali adhuhuri.

Aliporudi alikuta barua ya onyo la mwisho, muhuri bado mbichi. Kosa moja tu tena, kazi basi, na nyumbani ana wajukuu wawili anaowalea.

Kesho yake mnunuzi alifika na picha iliyopigwa ndani ya chombo cha anga. Bi Mwatumu akafungua kabati, wakalinganisha: ukurasa uleule, alama zilezile. Hizo ndizo zilizothibitisha kwamba kijitabu kilifika angani. Meneja alipiga picha na mnunuzi, magego yote nje, na kwenye hotuba akajisifu kwa jicho lake kali. Jicho! Tulicheka hadi tukajificha nyuma ya maboksi.

Lakini barua haikuondolewa. Ndiyo maana leo Bi Mwatumu hapewi nishani ya utumishi mrefu. Faili lake, wanasema, si safi. Inatuuma sana.

Basi sisi wa chumba cha kufungasha tumeitoa barua hiyo kwenye faili bila ruhusa ya mtu, na watu kumi na saba tumetia sahihi juu yake kwa penseli. Meneja hatukumwomba.

Asante, Bi Mwatumu. Uishi kwa afya na raha, na Tanga wakupokee kwa furaha. Barua imo mkobani mwako. Usimpe mtu kifutio.

Héritière, chumba cha kufungasha