Kete Nane na Bado Umeshindwa

Kijiwe cha Kosele ni benchi moja kando ya duka la dawa za mifugo, birika la Linet la kahawa, na sanduku la Nyamweya fundi viatu. Jumanne hiyo Nyamweya alikuwa amekunja uso juu ya simu. Bintiye Kemuma, aliye chuoni, alimwekea humo mchezo wa Go, ule wa kete nyeusi na nyeupe juu ya mistari, akamwambia: ishinde simu ngazi ya kwanza, nikija Ijumaa tucheze mimi na wewe. Tangu mama yake afariki, baba na binti wakikaa pamoja maneno huisha kabla ya chai. Ijumaa hii Nyamweya hakutaka iwe hivyo. Alikuwa ameshindwa mara thelathini na moja, na kuacha hakukuwa kwenye mpango.

— Thelathini na mbili, alisema. Nimekula kete nane, yenyewe imekula tatu, na inasema nimeshindwa kwa kumi na tano.

— Huo ni wizi, omera, ndugu yangu, alisema Omwenga fundi redio, anayeitwa Waya. Kwa ajua, nani anakula nane na anashindwa?

Wote walikulia kwenye ajua, mchezo wa mashimo na mbegu, ambapo aliyekula nyingi ndiye bingwa. Hilo hawakuona haja ya kulijadili.

— Hiyo simu inatusikiliza, Waya aliendelea. Ukisema unaingia kushoto, unaikuta kushoto inakungoja.

— Jana nilicheza kimya.

— Basi shida ni kidole, alisema Simeon wa duka la dawa. Kijiweni anaitwa Daktari, ingawa wagonjwa wake wote ni ng'ombe. Ukiogopa, aliendelea, kidole inapoa. Kioo inajua.

— Hata ng'ombe zako haziwezi kuamini hiyo, alisema Linet.

Nyamweya alipasha kidole kwenye kikombe, maana alikuwa amefika mahali pa kujaribu chochote. Akala kete tisa. Akashindwa kwa ishirini.

— Sasa nimeelewa, alisema Waya. Kuna mkubwa fulani huko juu kwa satelaiti. Hataki fundi viatu wa Kosele ashinde.

— Hana kazi, huyo? aliuliza Linet.

— Hiyo ndiyo kazi yake.

Dolphine, mkulima wa mahindi aliyekuwa akingoja ndala zake zishonwe, aliinama juu ya simu.

— Samahani, baba. Hii nafasi yote haina kitu, hapa na hapa kwa kona. Ni ya nani?

— Nafasi tupu si ya mtu, alisema Waya.

— Nauliza tu jamani, yawa. Naona mweupe amezungusha ua, na wewe unafukuza kuku.

Nyamweya alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni. Kulikuwa na kitufe cha kujifunza ambacho Kemuma alimwonyesha, akakidharau, akidhani ni cha watoto wa shule. Alikibonyeza. Simu ikarudia mchezo hatua kwa hatua, ikipaka nafasi tupu rangi ya aliyeizungusha, na karibu zote zikawa nyeupe: kumbe alama nyingi zilitoka hapo, si kwenye kete zilizoliwa.

— Mama, ndala zako zitangoja kidogo.

— Zingoje. Nataka kuona ukipima shamba.

Linet alisema kahawa imeisha. Hakuna aliyeinuka. Nyamweya alianza upya, akaweka kete ya kwanza karibu na kona, ya pili akaiweka mbali nayo, kama mtu anayechimbia nguzo za ua.

— Kula hiyo nyeupe, iko peke yake, Waya alimhimiza.

Nyamweya aliitazama sana. Kisha akaiacha.